Asishikwe Mkono: Historia ya Marehemu Loise Syombua

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, wakwe zetu wa Konza mliotupatia mke huyu, wanajeshi wastaafu mliofika na fimbo zenu, majirani wa Kalama, Bwana asifiwe. Mimi ni Levi Musili, shemeji ya marehemu, nimetumwa na familia kusoma, na mtanivumilia nikienda polepole, kwa sababu tumechoka, tumeuguza miaka miwili na siku hizi tisa za matanga hazikuwa za kulala. Asubuhi wazee waliuliza swali moja, kwamba wakati wa kwenda kaburini kaka yangu Onesmus, ambaye haoni, atashikwa mkono na nani, maana kwetu mume aliyefiwa hushikwa na ndugu zake huku na huku, na asiyeona hata zaidi. Jibu liko, ila si langu, ni la marehemu mwenyewe, na nikilitoa sasa hivi bila kuwapitisha alikopita mtasema ukoo wa Musili umekosa adabu, basi tuanze alikoanzia.

Marehemu Loise Syombua alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Konza, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Henry Kitheka, aliyefanya kazi ya reli katika stesheni, na mama Mbula, ambaye Mungu amemweka hadi leo na ameketi hapa mbele, mwaitu, mama yetu, pole sana, kiti hicho hakuna mzazi anayestahili kukikalia. Mama anatuambia kwamba tangu akiwa mdogo Syombua hakupenda kuvushwa reli kwa kushikwa mkono, aliuvuta mkono wake, akasimama, akasikiliza mwenyewe kama gari la moshi linakuja, ndipo akavuka, na kwa tabia hiyo alichapwa si haba.

Alianza masomo mwaka wa 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na stesheni, akamaliza mwaka wa 1971, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana hapa Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, na mwaka uliofuata akaenda Nairobi kusomea uuguzi, akafuzu mwaka wa 1979. Mwezi wa Februari 1980 aliajiriwa katika hospitali moja hapa mjini, akawekwa wodi ya macho, na huko ndiko alikompata kaka yangu, au tuseme ukweli, huko ndiko kaka yangu alikomwinda. Onesmus alikuwa koplo jeshini, akaja nyumbani likizo mwaka wa 1981, akaenda wodini akidai kuna kitu kimemwingia jichoni, muuguzi akatazama, akakosa kitu, akamwambia aende zake, na kesho yake akarudi na jicho la pili. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, walipelekwa Konza mwezi wa Aprili 1982, wakapokelewa, na harusi ikafungwa hapa Kalama kanisani tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mukai aliyezaliwa mwaka wa 1984, Ndila wa mwaka wa 1987, na kitinda mimba Bartholomew wa mwaka wa 1990, na kuanzia Mukai hakuna tena aliyemwita Loise, akawa Mama Mukai.

Tarehe 20 Juni 1991, akiwa mazoezini kaskazini, Onesmus alipatwa na mlipuko ulioacha mwili wake mzima na kuyachukua macho yote mawili. Aliletwa nyumbani mwezi wa Januari 1992, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha baba yetu, na hapo akabaki. Sisi ndugu zake tulifanya tulivyojua, tulimshika mkono kwenda chooni, tulimshika mkono kwenda kanisani, na tusipokuwepo Mama Mukai alimshika, kwa sababu kwetu huku mtu asiyeona akionekana njiani peke yake anapapasa na fimbo, watu hawasemi anajitegemea, watasema jamaa zake wamemtupa, na hakuna mtu Kalama anayetaka kusemwa hivyo. Tuliiita heshima, na tulikuwa na nia njema kabisa.

Mwaka wa 1994 shirika la kuwahudumia wanajeshi wastaafu lilitafuta mtu wa kuratibu huduma kwa wale waliopoteza macho, kuwatafuta majumbani, kuwapeleka kwa madaktari, kuwaletea fimbo nyeupe na walimu, na kuwafunza upya kuishi, wakamchukua Mama Mukai, naye akaiacha wodi. Eneo lake lilianza Konza, likapita Lukenya kwenye machimbo ya mawe, likarudi mpaka huku kwetu, na vumbi la njia hizo mlimwona akirudi nalo kila jioni. Jambo la kwanza alilokuta lilikuwa kamba. Karibu kila boma lenye askari asiyeona lilikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka chooni, na mzee wa watu anafuata kamba kwenda na kurudi, siku zote njia ileile, na Mama Mukai alikuwa akifika anasalimia, anakunywa chai, kisha anaifungua ile kamba, anamkabidhi mke wa mwenye boma, anamwambia hiyo ni ya mbuzi. Wake walimchukia, wacha niseme, kuna mmoja kule Lukenya alimfukuza mpaka barabarani, na leo yuko hapa na sufuria zake, tangu Jumatatu ndiye anayetupikia, asante mama.

Fimbo zenyewe zilikataliwa. Askari aliyebeba bunduki miaka ishirini hakutaka kupewa fimbo na mwanamke aliyevaa sweta, alishukuru kwa adabu, na mgeni akiondoka fimbo inatupwa darini, na boma moja Mama Mukai alirudi akaikuta imesimamishwa shambani inashikilia nyanya. Alikuja hapa nyumbani siku hiyo akacheka mpaka akalia. Halafu akapata akili aliyoitoa kwa Sajini Kaloki wa Lukenya, ambaye presha ya macho ilikuwa imemaliza kuona kwake, na ambaye alimwambia kwa ukali kwamba mwanajeshi hapewi zawadi, mwanajeshi hukabidhiwa kifaa, na akikabidhiwa atakilinda, na akikipoteza ana kesi. Basi mwezi wa Septemba 1995 wakaitwa wote kwenye uwanja wa kanisa letu, wakapangwa mstari, Sajini akasimama mbele yao haoni kama wao, akapiga kelele mguu sawa, na nawaambia, watu waliokuwa wamejikunja kwenye viti miaka mitano walinyooka hata vitambi vikaingia ndani. Wakakabidhiwa fimbo mmoja mmoja, kwa jina na cheo, wakaambiwa mbele tembea, wakatembea, wengine wakaingia kwenye ua wa michongoma, wake zao wakataka kukimbia kuwashika, na Mama Mukai akawanyoshea mikono kuwazuia, huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Tangu hapo paredi ilikuwa kila mwezi, na ilienea mpaka wilaya jirani zikatuma watu kuja kujifunza.

Mtu mmoja tu hakusimama kwenye mstari ule, naye alikuwa ameketi kiti cha baba yetu, umbali wa kusikia kila amri. Onesmus alisema koplo hawezi kupangwa mstari na mke wake, akasema tena, kwa maneno ambayo sisi wote tuliyasikia, mimi niko na mke, fimbo ni ya nini. Kaka, samahani, uliniruhusu kuyasoma haya na ndiyo maana nayasoma. Mama Mukai hakubishana naye. Fimbo ya Onesmus ilikuja pamoja na zile za kwanza, akaiweka chini ya kitanda ikiwa kwenye nailoni yake, na miaka kumi na miwili alifagia akiizunguka.

Hapo ndipo alipochoka, na naomba tusimfanye malaika leo, alichoka na alisema amechoka. Alitoka hapa alfajiri, akafunza wanaume wa watu kwenda dukani, kufuga kuku, kupika chai bila kuungua, akarudi miguu imevimba, akamkuta mume wake anamngoja amshike mkono ampeleke kuoga, na jioni moja akiwa amekaa pale jikoni aliniambia, Levi, nimefungua kamba zote za wilaya hii, imebaki moja, na hiyo moja ni mimi. Nilimwambia Mungu atasaidia, jambo ambalo watu husema wakiwa hawana mpango wa kusaidia, naye akainuka akampelekea mumewe maji ya kuoga.

Mwaka wa 2005, mwezi wa Mei, alianza kuvimba hata uso, akapimwa, ikaonekana figo zimeharibika, na kuanzia hapo akawa wa kwenda Nairobi kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliendelea na kazi mpaka Desemba 2006, ndipo shirika likamwomba apumzike, akakubali kwa shida. Kilichomnyima usingizi hakikuwa figo. Alituuliza kila mmoja wetu kwa zamu, nikienda, yule atakuwa wa nani, nasi tukajibu tupo, mama, tutamshika, na kila tukisema hivyo aligeuza uso ukutani, tukadhani ni maumivu.

Mwezi wa Julai mwaka huu, siku ambayo watu wote wa boma walikuwa wamekwenda kwenye harusi ya jirani, Mama Mukai akiwa kitandani aliita maji. Aliita Ndila, aliita Bartholomew. Kisha akasikia kiti cha baba yetu kikilia, akasikia kitu kikianguka jikoni, na kingine, na mtu akitukana kijeshi, na baada ya muda mrefu Onesmus akatokea mlangoni amelowa kifua, na kikombe mkononi kikiwa na maji nusu. Mama Mukai akayanywa yote. Hakumsifu, aliniambia baadaye kwamba ukimsifu mwanajeshi mapema anarudi kukaa. Alimwambia tu, Koplo, inama chini ya kitanda kuna kifaa chako.

Kesho yake aliagiza Sajini Kaloki aje kutoka Lukenya, na Sajini akaja, akalala hapa kwangu, na kila asubuhi tukawa tunasikia amri uani na fimbo mbili zikigonga ardhi. Tulifurahi, lakini jambo moja lilitushangaza, kwamba hakumfunza njia ya chooni, wala ya kanisani, wala ya dukani, alimfunza njia moja tu, kutoka mlangoni, kupita ghala, kufuata ua wa katani, mpaka pembe ya shamba alikolala baba yetu, mahali ambapo hakuna mtu ana shughuli napo. Nilimuuliza Sajini kama amechanganyikiwa. Akanijibu kwamba hayo ndiyo maagizo aliyopewa na Mwaitu, yaani Mama Mukai, kwamba njia ya kwanza Koplo anayopaswa kuijua ni ya kwenda atakapozikwa mkewe, ili siku akitaka kumtembelea asimsumbue mtu na asimngoje mtu. Onesmus alikuwa anaijua sababu hiyo tangu siku ya kwanza, na aliendelea kwenda na kurudi, na mkewe akisikiliza fimbo dirishani.

Tarehe 3 Septemba alizidiwa, akalazwa, na siku ya Alhamisi tarehe 6 Septemba 2007, saa kumi alasiri, Loise Syombua akatuacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Ameacha mume, watoto watatu, mama mzazi, ndugu na dada, na wanajeshi wengi waliotembea wenyewe leo kuja hapa, ambao tumewasikia tangu barabarani kabla hatujawaona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Machakos na wa Nairobi, ambao walimhudumia wakijua ni mwenzao, na dereva aliyempeleka na kumrudisha hata siku zile njia ilikuwa matope. Tunawashukuru majirani kwa kuni, kwa maji, kwa kukaa nasi, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa shirika, na tunakuomba ewe Sajini Kaloki, paredi isife, maana tumesikia juu kwa juu kwamba kuna kamba zimeanza kufungwa tena. Tunamshukuru mama Mbula kwa binti aliyeuvuta mkono wake relini.

Sasa nimefika kwenye swali la wazee. Marehemu aliniambia tarehe 4 Septemba, hospitalini, Mukai akiwa shahidi, kwamba siku hii Onesmus asishikwe mkono. Si na mimi, si na watoto wake, si na mchungaji, na mtu akimwona anayumba atulie, na akigonga ua wa katani aachwe ajitoe mwenyewe, yeye anaijua njia. Wazee wangu, najua inavyoonekana, najua kuna watakaorudi nyumbani wakisema tumemtupa, na waseme. Hatujamtupa. Nawaomba wenye viti upande wa ghala mvisogeze, akina mama mwinue watoto, wanajeshi mguu sawa, na jeneza litangulie.

Onesmus, kaka yangu, njia iko wazi, yeye yuko mbele. Nenda. Mama Mukai, kamba ya mwisho imefunguka, pumzika kwa amani.