Harusi ya Ukutani

Pale Makole, mjini Dodoma, ubavuni mwa geti la Ludovick, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hilo ndilo bunge la mtaa. Analiongoza Raphael, mstaafu aliyefanya kazi ya kupanga viti kwenye kumbi za mikutano, na kwa sababu hiyo tu wanamwita Spika. Pembeni yake hukaa Obedi, fundi wa malori, jina la kijiweni Injinia. Anayesimama muda wote na birika lake ni Khamisi muuza kahawa, aitwaye Hali ya Hewa kwa kuwa hajawahi kutabiri jambo likatokea. Ludovick mwenyewe ni ofisa wa kawaida wizarani, huko Mtumba, ila ana tai nyingi, basi wakampa cheo cha Mkurugenzi. Jumamosi ile alitoka getini bila tai wala viatu, shati limemganda mgongoni, akajibwaga kwenye benchi likayumba, akanyoosha mkono apewe kikombe kabla hata hajasalimia.

— Kulikoni, Mkurugenzi? aliuliza Spika.

— Jua. Jua limenishinda.

— Jua lipi tena? Hili hili letu sote?

— Hili hili. Kwenu ni jua, kwangu leo ni adui.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wake Ludovick, Noeli, alikwenda Poland kusoma, akakuta baridi, akaizoea, na sasa alikuwa anafunga ndoa huko huko. Ndoa yenyewe ilikuwa siku ile, saa tisa alasiri kwa saa za kwetu. Mama yao, Bi Klara, alikuwa ameletwa kutoka kijijini Kwa Mtoro pamoja na ndugu waliojaa gari, waje waione harusi kwa simu ya video. Tatizo lilikuwa macho ya mama. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili, na upasuaji ulikuwa umepangwa baada ya mavuno. Mara ya mwisho Noeli alipopiga, mama aliikodolea simu, akasema kwa upole, "Naona kiazi kinacheka." Noeli alicheka kweli kweli. Ludovick hakucheka, kwa sababu aliona jinsi mama alivyoirudisha ile simu, ameishika kwa mikono miwili kama kitu cha watu asije akakivunja.

Ndipo akaenda kanisani, mtaa wa Kikuyu hapo hapo mjini, kuazima projekta ya kwaya. Alitaka kumtandaza Noeli ukutani, awe mkubwa kama mlango, hata jicho lenye ukungu limpate. Lakini sebule yake ilikuwa na madirisha ya vioo toka sakafuni hadi karibu na dari. Siku alipoyaweka alitembeza watu mtaa mzima kuwaonyesha. Sasa madirisha hayo yalikuwa yanatazama magharibi, na jua la kiangazi cha Dodoma halibishi hodi.

— Umeijaribu lakini? aliuliza Injinia.

— Nimeijaribu. Picha inatoka, ila ni kama chai iliyogombana na majani. Unaona ukuta, halafu unaona kama kuna mtu aliwahi kupita ukutani.

— Si ufunge mapazia.

— Mapazia ya mke wangu ni yale ya njano, mepesi. Jua linaingia, linatoka upande wa pili limependeza zaidi.

— Hamia chumbani.

— Injinia, ndugu zangu wamejaa sebuleni mpaka wengine wamekalia ndoo jikoni. Chumbani nitawapanga kama sahani?

Spika alikohoa, kikohozi kile cha kufungua kikao.

— Hoja yangu ni nyepesi. Piga simu, waambie wasogeze ndoa mpaka jua lizame.

— Spika! Padri wa watu yuko altareni huko!

— Wao wamepanga saa bila kuuliza Dodoma. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni hapo ni nani?

— Jua.

Khamisi alimimina kahawa huku ametazama juu.

— Jamani, msihangaike. Mawingu yanakuja.

Wote wakainua vichwa. Mbingu ilikuwa bluu tupu, imetakata kama sahani ya mgeni. Ludovick alihisi moyo unazidi kushuka, maana Khamisi akishataja mawingu, hata yaliyokuwa yamepanga safari huahirisha.

— Basi kama hayaji, akaendelea Khamisi bila aibu, paka ule ukuta rangi nyeusi. Nyeusi inameza mwanga.

— Si itameza na wa projekta?

— Itameza wa jua, itauacha wa projekta.

— Itajuaje upi ni upi?

— Ukuta ni wako, umeujenga mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake.

— Huyo naye, alisema Spika. Sikilizeni jambo la maana. Tupange vioo huku nje, vya kujitazamia, kila nyumba itoe kimoja. Tunalirudishia jua mwanga wake lenyewe. Likijiona lilivyo kali, litaona haya. Nyani haoni kundule.

— Na wapita njia? aliuliza Injinia. Utachoma bodaboda wa watu hapo barabarani! Mimi nasema tope. Udongo huu mwekundu tunao bure. Tunaukanda, tunapaka vioo vyote kwa nje, kazi imekwisha.

Ludovick akamwona mkewe, Generosa, moyoni mwake, amesimama uani mikono kiunoni, anatazama madirisha yaliyosilibwa tope siku ya wageni. Akanywa kahawa yote kwa funda moja, ikamuunguza ulimi.

— Nyie mnacheka, alisema, na sauti yake ikabadilika. Mama hajamwona huyu mtoto tangu aondoke. Ni kitinda mimba wake. Amekuja na kitenge kipya, amekivaa tangu alfajiri. Ananiuliza kila saa, "Ukuta uko tayari?" Nimwambie nini?

Injinia akasugua mikono yake yenye grisi, akafikiri, safari hii kwa kweli.

— Kuna lori pale gereji, linasubiri vipuri. Turubai lake ni zito, jua halipenyi. Nikilishusha tukalining'iniza kutoka ukingo wa bati, linafunika madirisha yote.

— Mwenye lori je?

— Ni mjomba wangu. Akiuliza tutamwambia lilikwenda harusini.

— Hapo sawa, alisema Spika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa hiyo si ndiyo faida? alidakia Khamisi. Ukuta ndio tunautaka. Picha itakaa wapi?

Wakaenda. Turubai lilikuja likinuka alizeti na dizeli, likabebwa begani kama chatu. Injinia alipanda ngazi, Spika akashika ngazi na kutoa maelekezo, Khamisi akaacha birika lake kwa mara ya kwanza mwaka ule. Upepo wa Dodoma ukalipuliza turubai, likavimba, likamfunika Spika mzima na maelekezo yake, wakamtoa amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Ludovick akakusanya mawe, akayapanga juu ya pindo la chini. Ndani, Generosa alikuwa amechoka kungoja wanaume. Akaisogeza meza ya projekta karibu na ukuta, picha ikapungua ukubwa lakini ikapata nguvu, akakausha jasho lake akasema:

— Mkubwa kama mlango hatapatikana. Atakuwa kama dirisha. Inatosha.

Sebule ikawa giza kama ghala, na joto kama tanuri. Watoto wakapiga kelele za furaha. Ludovick akachomeka simu yake kwenye waya wa projekta, akaisimamisha mezani ikitazama watu, akampigia rafiki wa Noeli aliyekuwa kanisani kule na simu mkononi.

Ukuta ukawaka.

Kwanza zilionekana nguzo, halafu maua, halafu mgongo wa mtu mwenye kofia. Kisha rafiki akasogea, na Noeli akatokea ubavuni mwa mchumba wake, na suti ya kijivu, mashavu, masikio yale ya ukoo wao yaliyosimama kama vipini vya chungu. Ndugu wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Ludovick hakuutazama ukuta. Alimtazama mama.

Bi Klara alikuwa amewekwa kiti cha mbele kabisa. Aliinama mbele, akakunja macho, akayafumbua, akainamisha kichwa upande huu na upande ule kama kuku anayetafuta punje. Halafu akatulia.

— Amenyoa ndevu, alisema.

Ludovick alilazimika kugeuka upande, akajifanya anarekebisha waya.

Mama hakuacha kuona tangu hapo. Aliona pete. Aliona kwamba padri ana haraka. Aliona kwamba bibi harusi analia, akataka kujua jina lake. Jina lenyewe lilikuwa Agnieszka, na lilikuwa limeushinda ukoo mzima tangu uchumba utangazwe. Spika alikuwa akimwita "Anayesikia". Mama, aliyezaliwa na lugha yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi zinazowashinda watu wa nje, alilisikiliza mara moja tu likisemwa na padri, akalirudia vizuri kuliko wote, kisha akashangaa wanachokisifia ni kipi.

Ndoa ikafungwa. Vigelegele vikalitikisa turubai. Watu watatu wa kijiweni, waliosimama mlangoni kwa ndani, walikuwa wanapongezana kwa viganja kana kwamba wao ndio wazazi. Kisha Noeli akaichukua simu kwa rafiki yake, uso ukajaza picha nzima, na sauti ikatoka:

— Shikamoo mama!

— Marahaba, mwanangu.

— Mama, uko wapi? Kaka Ludo, mama yuko wapi?

— Si huyu hapa mbele, Noeli.

— Mbona naona giza tupu? Washeni taa basi. Sioni mtu. Nasikia sauti tu.

Uso wa Noeli pale ukutani ulikuwa unatafuta, macho yanakwenda huku na huku juu ya vichwa vyao. Generosa akabonyeza swichi. Umeme ulikuwepo, lakini taa ilikuwa moja, ya katikati, na ndugu wote walikuwa vivuli.

— Naona mabega, alisema Noeli. Mama ni yupi?

Bi Klara akageuka taratibu, akawaelekea wanaume waliokuwa mlangoni.

— Kwani yeye mimi hanioni?

Spika akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Khamisi. Khamisi akatazama sakafu. Tangu mchana walikuwa wamelijadili jua, rangi, vioo, tope, na hakuna hata mmoja aliyeliuliza hilo.

— Liondoeni hilo turubai, alisema mama.

— Mama, alisema Ludovick akimchutamia miguuni, tukiliondoa, picha inakufa. Hutamwona tena. Ndiyo kwanza anaanza kuongea na wewe.

— Mimi nimeshamwona. Amenyoa ndevu, ana mke, amenenepa kidogo. Nimeshiba. Yeye je? Ameoa leo, amwone nani? Toeni.

Kazi yote ile, na mama alikuwa anaomba ivunjwe. Ludovick akamtazama Injinia, akatikisa kichwa kukubali. Injinia akatoka mbio. Wakasikia mawe yanavingirishwa, kamba zinakatwa, kisha turubai likaanguka kwa kishindo na jua la saa kumi likaingia lote kwa pamoja, la njano, hadi pembeni kabisa mwa chumba. Watu wakafinya macho. Ukutani Noeli akafifia, akawa kivuli, akawa rangi ya ukuta.

— Mama! ilipaa sauti yake kutoka kwenye spika ndogo ya projekta. Mama, nakuona! Nakuona mzima! Hicho kitenge ni kipya!

— Ni kipya.

— Geuka kidogo. Basi, hapo hapo. Jamani, Agnieszka, njoo umwone.

Bi Klara alisimama. Ludovick akamshika kiwiko, lakini mama akauondoa mkono wake kwa upole, akajinyoosha kitenge mbele na nyuma, akapanga kilemba, kama mtu anayepigwa picha ya kutunzwa. Akainua viganja vyote viwili kuelekea kule sauti ilikotoka, akaanza kumbariki mwanawe na mkwewe kwa Kisandawe, vidoko vinadondoka kama matone ya kwanza juu ya bati. Wanaume wa mlangoni hawakuelewa neno hata moja. Khamisi alivua kofia.

Alipomaliza, wakasikia Noeli anavuta kamasi, na mwanamke anasema kwa Kiswahili cha kufundishwa juzi:

— Asante, mama.

— Mama, unamwona kidogo? alinong'ona Ludovick.

— Simwoni hata kidogo, alisema Bi Klara, na alikuwa anatabasamu. Yeye ananiona. Wewe tulia.

Baadaye, wakati pilau inapakuliwa, wanaume walirudi benchini, kila mmoja na sahani yake. Ludovick alikuja wa mwisho, amevaa viatu sasa. Nyuma yake alitoka mama, ameshika bega la Generosa, akitaka kupunga upepo. Wote wakainuka.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu. Kaeni. Ni nani kati yenu aliyelifunga lile turubai?

Injinia akajitokeza, amejiandaa kuomba radhi.

— Ni mimi, mama.

— Na aliyelitoa?

— Ni mimi pia.

— Basi asante kwa giza, baba, na asante kwa mwanga.

Akapita zake kuelekea uani. Injinia akakaa polepole, uso umemvimba kwa fahari, na hilo ndilo Spika hakuweza kulivumilia.

— Taarifa! Turubai bila mtu wa kushika ngazi lingefika juu?

— Ngazi ulishika wewe? alisema Khamisi. Wewe ulikuwa chini ya turubai, unatafutwa!

— Na mawe niliyapanga mimi, alisema Ludovick, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kikubwa kilichowafanya watoto wachungulie getini. Leteni kahawa.

Khamisi akalinyanyua birika, akaliinamisha, akalitikisa. Tone moja likatoka, likafa njiani kwenye mdomo wa birika. Kahawa ilikuwa imechemka juu ya makaa hadi ikakauka, na makaa yenyewe yakazimika, wakati wote wakiwa ndani, na hakuna aliyeikumbuka.