Mzee Projest na Ripoti Aliyoikataa Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuandika ripoti za utafiti wa sheria, Mzee Projest Rwegasira anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kituo chetu hapa Rubwera kitabaki na kalamu nyekundu nyingi zisizo na kazi.

Alijiunga nasi akitokea Kaisho, akiwa mtafiti msaidizi. Ripoti yake ya kwanza, iliyohusu migogoro ya mipaka ya mashamba, ilikuwa na tanbihi ndefu kuliko maelezo yenyewe. Mkurugenzi wetu, Bw. Gosbert, anasema aliimeza kidogo kidogo, asubuhi na jioni, kama dozi.

Neno lililomkera Mzee kuliko yote ni "inasemekana". Ukimpelekea rasimu yenye neno hilo, ilirudi na swali pembeni: "Na nani?" Ukiandika "wengi", alitaka kujua wangapi. Vijana wa ofisini wakambandika jina la Mzee Nanani. Alilisikia, akaliitikia, kisha akauliza limeanzishwa na nani.

Tunamtania, lakini hatusahau ripoti ya mirathi. Miaka minane iliyopita mimi na yeye tulikwenda Nyakakika kutafiti wajane wanavyotendewa katika urithi wa ardhi. Kwenye kikao cha ukoo, mjane mmoja, Bi. Edith, alisema mbele ya shemeji zake kwamba amewaachia kwa hiari kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba yake. Wajane wengine wakasema vivyo hivyo. Nasi tukaandika hivyo. Ripoti ikachapwa, wageni wakaalikwa.

Siku za uzinduzi zilipokaribia, Mzee akaanza kukosa raha. Alikumbuka kwamba Bi. Edith alijibu kabla swali halijaisha. Tukarudi Nyakakika, tukamkuta peke yake shambani aking'oa maharage. Mzee akampa pole ya kazi, akakunja suruali, akainama kumsaidia. Alikuwa ameshaharibu sehemu nzuri tu ya shamba la watu kabla hajazuiwa.

"Mtafiti, hayo bado mabichi!" Bi. Edith alipiga kelele, kisha akacheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka, akasema: "Kile kibanja sikuwapa. Mliniuliza nikiwa katikati yao. Ningewakatalia, ningelala wapi siku ile?"



Siku ya uzinduzi Mzee alisimama mbele ya wageni, akawaambia kwamba ripoti waliyoishika si sahihi, kwamba kosa ni lake yeye aliyeongoza utafiti, na kwamba anaomba nakala zote zirudishwe. Bw. Gosbert leo anaisimulia siku ile akicheka. Siku yenyewe hakucheka. Wafadhili walinuna. Ilizungumzwa hata habari ya kumwachisha kazi. Mzee aliomba jambo moja tu: kwanza aruhusiwe kuirekebisha.

Tukaanza upya, kijiji kwa kijiji, tukimhoji kila mjane akiwa peke yake. Ripoti ya pili ilisema kinyume kabisa cha ile ya kwanza. Bi. Edith alikwenda mahakamani akisaidiwa na mwanasheria wetu, akashinda. Mpaka leo anaishi kwenye kibanja chake. Hutuletea ndizi, na Mzee humkaribisha kwa heshima zote, ila akienda kumtembelea haruhusiwi kugusa maharage.

Sasa anarudi Kaisho kwenye kahawa yake. Mkewe, Mama Kemigisha, ametuomba tusimpelekee rasimu hata moja. Tumekubali kwa shingo upande.

Mzee Projest, ahsante kwa uvumilivu wako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kwamba ripoti ya sheria huandikwa kwa ajili ya mtu anayelala ndani ya nyumba inayogombaniwa. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri wa mchana, na miaka mingi ya furaha pamoja na familia yako. Shikamoo, mzee wetu.

Najat Muzamil, kwa niaba ya wafanyakazi wote