Funguo Juu ya Boriti

Mama Mshale amefundisha fizikia katika shule yetu kwa miaka thelathini na miwili, na Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, anastaafu. Kamati imeniomba mimi, mkuu wake wa idara wa zamani, niandike wasifu wake. Mimi ni mzee sasa, kifua hakinipi tena ahadi, na kuna jambo nililolificha ambalo sitaki kuondoka nalo: siku ile funguo zilipokwama juu ya boriti, nilifikaje na ngazi upesi vile? Nitasema. Kwanza kazi yake.

Alikuja akiwa mjane kijana, mtoto mgongoni. Jina la Mama Mshale alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hakuna hesabu ya mwendo iliyoanza darasani mwake kabla ya kuchora mshale ubaoni. Amua kwanza upande upi ni chanya, aliwaambia, na ukishaamua usigeuke katikati ya safari. Waliopuuza mshale walipata gari linalofunga breki huku likizidi kwenda mbio, naye akawauliza kama wangependa kulipanda.

Kukariri fomula hakukumpendeza. Aliwataka waandike walichopewa, wanachotafuta, na kile ambacho swali halikukigusa. Kama muda haukutajwa wala hauulizwi, chukua mlinganyo usio na muda, usimwamshe aliyelala. Chai yake ilipoa kila siku, maana walimfuata na madaftari hadi ofisini. Mmoja wao, dereva wa treni, alirudi kumshukuru: bado anakumbuka kwamba kasi ikiwa maradufu, umbali wa kusimama ni mara nne, kwa hiyo yeye huanza kuiheshimu stesheni ikiwa bado mbali.

Siku ya funguo alikuwa maabara, akifundisha mwendo wa kitu kinachorushwa juu. Akarusha funguo zake za nyumbani, zikapanda, zikanasa kwenye boriti. Darasa likaangua kicheko, na mtundu mmoja akapaza sauti kwamba mvuto wa dunia umekwenda likizo. Mama Mshale hakutabasamu. Mvuto hauna likizo, mwanangu, alimjibu. Hizo zimezuiwa tu, bado zinavutwa.

Kabla hajamtuma mtu, nikaingia na ngazi. Aliponiuliza nimejuaje, nikasema nilikuwa napita tu. Ukawa utani wa ofisi nzima: ukimwona Mkuu anapita na ngazi, ujue kuna kitu kimenasa.

Sasa anahamia kwa binti yake, mbali na hapa, na maabara ile itasikia sauti nyingine. Ahsante, dada yetu, kwa watoto wote uliowaonyesha upande wa kwenda. Ulale hadi jua likuamshe, chai yako uinywe ikiwa moto, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali.

Na sasa ngazi. Sikuwa napita. Nilikuwa katika stoo ya maabara, ilimowekwa ngazi, nyuma ya mlango uliofunguka kidogo, kama katika vipindi vyako vingi, nikijifanya nahesabu gololi za majaribio. Ulikuwa na msiba mbichi, nami nilikuwa mkubwa wako wa kazi, nikajizuia. Msiba ukapoa, nami nikastaafu, kumbe kujizuia kumekuwa mazoea. Nilikupenda. Hesabu za mwendo nilizijua tangu ujana wangu. Nilikuwa nakuja kusikia sauti yako.