Maisha ya Valéry Bizoza, na Sahani Tulizozishuku

Ndugu, majirani wa Ngagara na wa Gasenyi, na ninyi mliofanya naye kazi, mimi ni Gélase, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, ingawa naona wengi mmekuja kusikia ni nani amemuua, na siwalaumu, kwa sababu mpaka jana mchana mimi mwenyewe nilikuwa na jina tayari, la Dative, mkewe, na kikao cha familia kilikuwa kimeshaamua kwamba arudi kwao na mabinti zake wabaki kwetu.

Valéry Bizoza alizaliwa tarehe 17 Mei 1982, hapa Ngagara, kartie ya nne, mtoto wa pili wa mzee Sylvère na mama yetu huyu aliyeketi mbele, akaanza shule ya msingi hapahapa mwaka 1989, na mwaka 2003 akapata diploma ya ufundi wa friji. Alikuwa bado mwanafunzi baba yetu alipoanguka akifunga kamba za viatu, tarehe 8 Agosti 1999, akiwa na miaka arobaini na sita, na sisi hatukumuuliza daktari, tuliuliza nani alimmiminia bia siku ile, mpaka jirani aliyemmiminia akahama.

Mwaka 2004 aliingia karakana ya mzee Massoudi, Buyenzi, akafanya kazi humo miaka ishirini na moja, na hakuna friji aliyoirudisha kwa mwenyewe kabla hajaweka kiganja mgongoni mwake na kusikiliza mota. Tarehe 2 Julai 2011 alifunga ndoa na Dative, wakakaa Musaga, wakajaliwa Orlane, tarehe 3 Septemba 2012, na Nella, tarehe 20 Januari 2016.

Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo, kaka yetu mkubwa, Bonfils, alikula samaki wa mukeke nyumbani kwa Valéry na Dative, Musaga, akarudi kwake akicheka, na asubuhi hakuamka, akiwa na miaka thelathini na saba. Tangu hapo kila mkono wa Dative tuliutazama, anapakua nini, anamwekea nani, mbona yeye anakula mwisho, na mwaka 2017 Valéry alipoihamishia familia yake Gasenyi alisema huko kuna nafasi, lakini alikuwa akitukimbia sisi.

Ugonjwa wake ulijitokeza Februari 2024, alipoanguka karakanani, mzee Massoudi akamkimbiza kwa daktari Danielle, ambaye aliona mapigo ya moyo yanakwenda polepole na kukatika, na badala ya kuuliza amekula nini akauliza baba yetu alikufa vipi, swali nililolishuku sana, nikadhani amepangwa na Dative. Damu ilipelekwa nje ya nchi, na majibu yakasema hitilafu iko katika lamini, protini zinazoshikilia kiini cha kila seli kutoka ndani, kama fito zinavyoshikilia ukuta wa udongo, na kukiweka sawa kile kilichoandikwa humo cha urithi, sasa fito zikiwa dhaifu, moyo, ambao haupumziki kuvutwa, ndio unaochoka kwanza na kupoteza mpango wa mapigo yake, na mzazi mmoja akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu.

Daktari alitaka asafiri akawekewe mashine ya kuulinda moyo, lakini mimi nilisema karatasi ya ng'ambo haimjui Dative, nikampeleka mara tatu kwa mganga wa mlimani atapishwe sumu, na mara ya tatu Dative alisimama mbele ya gari akaniambia, "Shemeji, ni moyo ndiyo inagonjwa, haiko tumbo. Mutanimalizia bwana," na mimi nikajiuliza anaogopa nini kitoke. Valéry alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu, wiki mbili kabla ya safari ambayo sisi tuliichelewesha.

Tunamshukuru mzee Massoudi na mafundi wake, majirani wa Gasenyi waliolala nasi kwenye turubai, na daktari Danielle, ambaye mwezi Julai alinitoa damu nami, kwa sababu Valéry alinisihi. Majibu yangu yalifika jana mchana, nina hitilafu ileile, na moyo wangu umeshaanza kuruka mapigo. Najua mtu ameshaanza kunong'ona kwamba basi Dative amenilisha nami, kwa hiyo nasema mbele yenu wote, tangu tumzike Bonfils, miaka tisa kasoro mwezi, kwa kumshuku sijaonja kwake hata maji.

Dative atarudi Gasenyi na mabinti zake, na Jumatatu watoto wote wa ukoo huu watapelekwa kupimwa, wangu watatu wakitangulia.

Valéry, kaka yangu, walionyima moyo wako muda ni sisi tuliokupenda, na mkono uliokushika kwenda mlimani ulikuwa wangu, nisamehe, na sasa pumzika kwa amani.