Marehemu Bertin Kalenga, Mhandisi wa Laini ya Panda (1966–2025)

Ndugu waombolezaji, tumekuja kumzika Bertin Kalenga, na maisha yake, niliyoyaandika mimi kaka yake, yatasomwa jinsi yalivyokuwa. Iko sentensi moja ambayo familia iliombwa iitie humu. Haimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mwaka uleule mji wetu ulipoacha kuitwa Jadotville ukawa Likasi. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Philippe Kalenga, fundi wa tanuri la shaba, na Mama Clotilde Mwadi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Elimu ya msingi aliipata kwa mapadre hapohapo Panda, na ya sekondari katika shule ya ufundi ya mjini, tawi la umeme, alikopata diploma ya taifa mwaka 1984. Mwaka 1990 alihitimu uhandisi huko Lubumbashi. Mwalimu wake wa fizikia alipata kulalamika kwa baba yetu kwamba mtoto huyu hapokei jibu lolote mpaka aonyeshwe umeme umetoka wapi na unakwenda wapi. Baba alimjibu kwamba hata nyumbani hagusi bukari, ugali wetu, kabla ya kuambiwa nani ameisonga.

Aliajiriwa na shirika la umeme mwaka 1991, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa uendeshaji wa laini zinazolisha mitaa ya Panda na Kikula. Enzi hizo umeme ulikuja kutoka upande mmoja tu: mabwawa ya Mto Lufira, kituo cha Panda, kisha majumbani. Ukikata Panda, laini imekufa. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza hivyo, nacho kilizeeka salama.

Mwaka 2022 kampuni moja ya madini ilijenga nje ya mji uwanja wa sola wenye betri zake, ikauunganisha na ncha ya pili ya laini hiyo. Bertin hakulipinga jua. Ni yeye aliyepiga hesabu kuonyesha jinsi uwanja ule ungewapunguzia watu wa Kikula kukatiwa umeme mchana, na jinsi mabwawa yangeziba pengo wingu linapopita. Alilotaka ni hili: umeme ukiwa na milango miwili, kufuli nazo ziwe mbili. Swichi ya uwanjani ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa aliye juu ya nguzo, na amri itoke dispatching, yaani chumba kinachoongoza mtandao wote, si ofisi ya kampuni. Alilisema katika kila mkutano. Kila mara alijibiwa kwamba kufuli itakuja katika awamu ya pili. Paneli zilivuka bahari zikafika katika awamu ya kwanza. Kufuli, inayouzwa sokoni Kikula kando ya sabuni, ndiyo iliyoshindwa safari!

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa takatifu na Martine. Katikati ya karamu umeme ulikatika, na bwana-arusi akatoweka. Alikutwa katika kabini ya umeme ya mtaa, koti la harusi limetundikwa mlangoni. Shangazi yake Martine aliuliza mbele ya wageni, “Mwana, unaolewa na muntu ao na cabine?” Bibi-arusi akajibu, “Tantine, muache arudishe kwanza courant, njo nitajua.” Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, Emmanuella, ni mhandisi wa dispatching, ndiye aliyekuwa akipokea sauti ya baba yake kwenye redio.

“Dispatching, hapa Kalenga.”

“Kalenga gani? Tuko bengi.”

“Ule mwenye alikulipiaka minerval ya masomo.”

“Sema kwanza laini yenye unachukua, Papa. Minerval tutaongea ku nyumba.”

Maana ndiyo kanuni ya kazi yao: anayepanda nguzo huichukua laini kwa sauti yake, isiwashwe na mtu, na hairudishwi ila kwa sauti hiyohiyo.

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, dhoruba ilivunja kikombe cha nguzo kinachoshika waya. Bertin aliichukua laini. Panda ilikatwa, ikafungwa kufuli. Uwanja wa sola ulisema kwa simu kwamba nao umekata. Alipima, akakuta laini imekufa, akafunga nyaya za kushusha umeme ardhini, na kazi ikafanyika. Katika kikosi chake mkubwa hushuka wa mwisho. Vijana walipokwisha kufika chini, alizifungua nyaya zile ili ashuke, ndipo airudishe laini. Lakini mawingu yalikuwa yameachana, jua limejaa, na kiwanda cha kampuni kinachokula laini hiyohiyo kilikuwa kinangoja. Mtu wa uwanja wa sola akaamriwa arudishe umeme. Hakupiga simu. Hapakuwa na kufuli ya kumzuia.

Umeme ulimkuta Bertin angali juu ya nguzo, akaungua mikono na kifua. Alilazwa hapa Likasi, kisha Lubumbashi. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Bale batoto balishuka bote?” Aliambiwa wote. Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Februari, alfajiri, Martine akiwa kando yake.

Jana mjumbe wa kampuni alifika kwenye kilio, ameleta programu za mazishi za rangi zilizokwisha kuchapwa, zikisema kwa Kifaransa kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi.

“Tumeandika tu ‘après une courte maladie’. Ni kwa heshima yake.”

“Maladie gani, Monsieur?” Martine aliuliza. “Uniambie jina, nijue dawa yenye sikununua.”

“Mama, ku rapport iko wazi. Marehemu alikuwa amesha kurudisha laini.”

Emmanuella alisimama. “Alirudishia nani? Miye njo nilikuwa ku micro. Papa hakurudishaka. Niko nangojea sauti yake mpaka leo.”

Mjumbe alizikusanya programu zake akaondoka. Hizi mlizo nazo zimechapwa Kikula, bila rangi, kwa jenereta.

Basi isemwe kaburini: Bertin hakuugua. Hakukosea. Wala asisingiziwe Mungu, ambaye hakuhudhuria mikutano ile. Aliuawa na uamuzi wa watu walioona jua lina faida na kufuli haina.

Marehemu ameacha mjane, Martine, watoto watatu, Emmanuella, Cédrick na Chérie, mjukuu mmoja, kaka yake, Barnabé, aliyeandika wasifu huu, na vijana wa kikosi chake, ambao kesho kutwa, Jumatatu, wameamriwa kupanda laini ileile. Emmanuella ndiye atakayekuwa zamu. Amewaambia wakubwa wake kwamba hampi mtu laini hiyo maadamu ncha ya pili haina kufuli. Wamemjibu kwamba atafukuzwa. Familia imemwambia kwamba bukari ya nyumbani ipo.

Bwana amlaze Bertin mahali pema. Sisi asitupe amani kwanza.