Farasi Hayumo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya miguu minne ya chuma, na mwenyewe ni Mama Birika, muuza kahawa wa kona inayotazamana na jumba la sinema. Aliliweka pale ili wateja wakae, wanywe, waondoke. Kukaa wamekaa, kunywa wamekunywa. Kuondoka ndiko kulikowashinda. Wa kudumu ni watatu. Yupo Wembe, kinyozi, ambaye kiti cha dukani kwake hukikalia yeye zaidi ya wateja. Yupo Dakika, fundi saa, ambaye hajawahi kurudisha saa ya mtu siku aliyoahidi. Na yupo Muhuri, karani aliyegonga mihuri ofisini mpaka akastaafu, na hadi leo akimaliza kusema hupiga ngumi gotini kwake kama anayeidhinisha. Jioni hiyo walikuwa wanabishana juu ya farasi.

— Alitokea kushoto, alisema Wembe. Mweupe, mkia unafagia chini. Juu yake jamaa, kanyooka kama msumari.

— Kulia, alisema Dakika. Na alikuwa wa kahawia.

— Filamu nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kahawia uliitoa wapi?

— Kahawia nyingine mtu unaihisi tu.

Muhuri akapuliza kikombe chake.

— Rangi si hoja. Hoja ni kwamba zamani farasi alikuwemo, na sasa hayumo. Kuna mtu lazima ajibu.

Akapiga goti.

Filamu waliyokuwa wakiizungumza ni ile ya mshona nguo anayemngoja mchumba aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Walipokuwa vijana ililiza mtaa mzima. Watu waliiona, wakarudi kuiona, wakawapeleka na mashemeji. Baadaye jumba likafungwa, popo wakahamia. Mwaka huu binti wa Mama Birika kalikodi, kawafukuza popo, kapaka chokaa, na kaanza na filamu hiyohiyo, maana kakua anaisikia ikisifiwa. Mwenye jumba hakumficha kitu: ukijaza nusu ya viti kabla filamu hii haijaondoka, endelea, ukishindwa, kuna mtu wa magodoro anatafuta ghala. Onyesho la jioni hiyo ndilo lilikuwa la mwisho, na nusu ya viti ilikuwa haijaonekana hata kwa ndoto.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja. Ila njia ya kwenda kwenye dirisha la tiketi ilipita kwenye benchi, na kwenye benchi filamu ilikuwa ikisimuliwa bure, na kahawa ya moto mkononi. Wengi walisikiliza mpaka mwisho, wakafuta macho, wakaenda zao nyumbani wameshiba. Wachache walioingia walitoka wamenuna. Fundi cherehani mmoja, mama mzima na heshima zake, alisimama mlangoni akataka arudishiwe hela yake, kwa sababu yeye alikuja kumwona farasi.

Mama Birika aliyaona yote hayo, naye si mjinga. Kila kikombe alichouza huku kilikuwa kiti kitupu cha mwanawe kule. Alijua, akaendelea kumimina. Biashara ni biashara, alijiambia, na kila alipojiambia hivyo kahawa ilimwagikia kidole.

Binti akavuka barabara, bunda la tiketi mkononi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu, wakaitikia kwa pamoja, kwa upole wa watu wanaojua wamekosea.

— Nina ombi moja. Farasi hayumo. Hii filamu nimeitazama mpaka naiota. Naomba mwache kuwaambia watu kuna farasi.

— Mwanangu, umepigwa, alisema Wembe. Wamekukatia kipande. Siku hizi hata mkate unauzwa umeshakatwa, sembuse filamu.

— Haya, na huyo aliyepanda farasi ni nani?

— Mchumba mwenyewe. Anarudi.

— Mchumba anarudi kwa basi, baba.

— Hiyo ni mara ya pili.

Mama Birika hakuinua kichwa kutoka kwenye jiko lake.

— Jana mlisema mpanda farasi ana sharubu, alisema. Mwanangu anasema mchumba hana sharubu. Hana mwanzoni, hana mwishoni. Sharubu zilitoka wapi?

— Hapo niachieni mimi, alisema Wembe, akajinyoosha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nywele za uchungu huota haraka. Nimenyoa wagane mimi, asubuhi na jioni ya siku moja. Huyu kaachana na mchumba wake, uchungu umempanda, sharubu zimetoka. Kamwona tena, uchungu umeshuka, sharubu zimerudi ndani.

— Ndani ya nini?

— Ya uso. Ni mambo ya kitaalamu, Mama, huwezi kuelewa.

Dakika akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake.

— Tatizo si sharubu. Tatizo ni chombo. Zamani filamu ilikuja kwenye mikebe ya chuma, mwanamume mzima akibeba mmoja anapinda mgongo. Humo farasi anaenea, tena na majani yake. Juzi nimemwona binti huyu akipokea filamu hiyohiyo kwenye kidude kidogo kama kisahani cha sabuni. Sasa tumia akili. Mshona nguo ataenea, yule ni mwembamba. Mchumba ataenea. Basi linaingia kwa kusukumwa. Farasi ataingilia wapi? Wamemtoa ili kidude kifungike.

— Baba, havipimwi hivyo.

— Mimi ni fundi wa vitu vidogo, mwanangu. Usinifundishe udogo.

Muhuri alikuwa amenyamaza muda wote, na akinyamaza hivyo ujue anaandaa kubwa kuliko ya wenzake. Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti kiasi cha kusikika na nyumba mbili tu za jirani.

— Yule farasi aliondolewa kwa amri. Nyinyi mlitazama mpanda farasi. Mimi nilimtazama farasi. Alipofika katikati aligeuza shingo, akawaangalia wakubwa waliokaa safu za mbele. Mmoja mmoja. Hakuna mkubwa anayependa kuangaliwa vile na mnyama. Kesho yake lilipita jalada ofisini kwetu.

— Lilisema nini? akauliza Dakika.

— Kazi yangu ilikuwa kugonga. Kusoma ilikuwa kazi ya mwingine.

Akapiga goti. Binti akamtazama mama yake, na Mama Birika akaona kope za mwanawe zimevimba kwa kukosa usingizi. Akaacha jiko.

— Farasi ni wa filamu nyingine, alisema. Nakala ilikuwa moja na majumba mawili, hili na lile la upande wa pili wa mji. Wale wakimaliza mkebe, baba yake huyu anaufunga nyuma ya baiskeli anauleta huku. Sasa marehemu akikutana na rafiki njiani, mkebe nao unakutana na rafiki. Humo ndani watu wanapiga miluzi, wanang'oa viti. Mwendesha mtambo afanye nini? Anachukua mkebe wowote uliosahauliwa chumbani kwake, anauweka, watu wanatulia. Ndiyo huyo farasi wenu. Mume wangu alikuwa anakunywa, na nyinyi miaka yote mnalia machozi kwa ajili ya mkebe wa watu wengine.

Benchi likakataa.

— Kila siku alichelewa? aliuliza Wembe.

— Alichelewa hata harusini kwake.

— Tusiwasingizie waliotangulia, alisema Muhuri.

— Simsingizii. Aliyelala naye nyumba moja ni mimi.

— Lakini wewe hujaingia humo hata siku moja, alisema Dakika. Sisi tukiwa ndani, wewe ulikuwa hapahapa nje na jiko lako. Filamu umeisikilizia ukutani.

— Ndiyo. Wakilia mara ya kwanza natia maji. Wakilia mara ya pili napanga vikombe. Na kwa kuwa nilikuwa nje, niliona baiskeli inafika saa ngapi, na aliyeipanda anayumba kiasi gani.

— Sisi tuliona kwa macho, alisema Wembe. Ya ukutani ni ya ukutani.

Binti akapumua kwa nguvu.

— Basi leo ndiyo mwisho. Ingieni mtazame wenyewe. Nisipojaza, kesho asubuhi nakabidhi funguo.

— Tutakuja, mwanetu, alisema Wembe.

— Mimi lazima nije, alisema Dakika.

— Tutaangalia, alisema Muhuri.

Mama Birika aliijua hiyo *tutaangalia*. Ndiyo hiyohiyo Muhuri aliyowapa watu dirishani kwa miaka yake yote ya kazi, na baadhi yao bado wanangoja. Binti akavuka barabara, akakaa nyuma ya kidirisha chake, kidevu juu ya kiganja.

Saa ya onyesho ikakaribia, watu wakaanza kufika. Walikuja wasusi wawili wa saluni ya jirani, akaja muuza viatu na mkewe, wakaja wauguzi waliotoka zamu, bado na viatu vyao vyeupe, na wengine nyuma yao. Wakasimama kununua kahawa. Wembe akakohoa, akaanza upya: jinsi mshona nguo anavyoshika sindano, jinsi anavyochungulia dirishani kila akisikia mlio wa basi. Alisimulia vizuri, huyo mwanaharamu. Mke wa muuza viatu akaweka mkoba chini. Dakika akaleta mvua, ambayo nayo Mama Birika hakumbuki kuisikia ikinyesha ukutani. Hakuna aliyetazama tena upande wa dirisha la tiketi. Mama Birika akamimina, akapokea, akamimina.

Ndipo akaja mtu mmoja mgeni, viatu vimeng'arishwa, futi ya chuma ya kupimia imening'inia kiunoni. Mama Birika hakuhitaji kutambulishwa. Mtu wa magodoro kaja kupima ghala lake kabla hata mwanawe hajakabidhi funguo. Akampa kahawa bila kumtazama usoni.

Mtu wa magodoro akanywa huku amesimama. Kikombe kikapoa mkononi. Wembe alipofika kwenye farasi, na Dakika akamgeuzia rangi, na Muhuri akamgeuza shingo, mtu wa magodoro akajikuta kakaa ukingoni mwa benchi.

— Na sasa wamemkata? aliuliza.

— Wamemkata, alisema Wembe. Filamu imeharibiwa kabisa. Inauma sana, ndugu yangu, kwa sisi tuliokuwa tunaipenda.

— Poleni. Mmeingia kuitazama siku gani?

— Kuingia wapi?

— Humo ndani. Tangu irudi.

Wembe akamtazama Dakika. Dakika akalitazama jiko.

— Mimi macho yangu hayapatani na giza, alisema Dakika.

— Mimi mgongo, alisema Muhuri. Vile viti vina chuma.

— Mimi nilishaiona mara nyingi, alisema Wembe. Zamani. Filamu ni ileile.

— Mmesema si ileile. Mmesema imekatwa. Mtu wa magodoro hakuwa anabishana, alitaka tu kuelewa, kama anayeuliza upana wa mlango. Kama hakuna aliyeingia, aliuliza, aliyeona kwamba imekatwa ni nani?

Muhuri akainua ngumi, ikabaki hewani, haina pa kushukia. Mmoja wa wasusi akacheka ndani ya kikombe chake. Wembe akaanza kufuta kiatu ambacho hakikuwa kichafu.

— Basi, alisema mtu wa magodoro, akainuka. Mimi nilikuja kupima tu. Lakini jambo hili litaninyima usingizi. Ngoja nikamtafute huyo farasi.

Akavuka barabara, akainama dirishani, akakata tiketi.

— Mtu wa magodoro kaingia, alisema Wembe, kama aliyeibiwa. Hata hapapendi.

Mama Birika alimwona mwanawe akiipokea ile hela kwa mikono miwili, kutoka kwa mtu aliyekuja kumfukuza. Akafunika birika.

— Niongeze nusu, Mama, alisema Dakika.

— Kahawa imekwisha.

— Birika limejaa. Nasikia linavyocheza.

— Limejaa, na kahawa imekwisha. Inukeni.

— Tuinuke twende wapi?

— Sijui mnakokwenda. Mimi nataka benchi langu. Safu ya mbele ya mwanangu ina viti vilivyooza, leo watakaa hapa. Na kahawa inanywewa ndani, kwa mwenye tiketi. Vikombe vyangu.

Waliinuka polepole, kwa kuwa hawajazoea. Mama Birika akakusanya vikombe, akanyanyua upande mmoja wa benchi, wauguzi wawili wakanyanyua wa pili. Wasusi wakachukua birika na jiko. Muuza viatu akamtazama mkewe, mkewe akaokota mkoba, wakafuata, na wengine nyuma yao, maana kahawa wameshaionja na hadithi imekatiwa njiani. Binti, kule dirishani, alikuwa anachana tiketi bila kuinua kichwa. Mlangoni benchi likakwama kidogo, likageuzwa, likapita. Mama Birika akaingia nalo.

Watatu wale wakabaki kwenye kona. Pale palipokuwa na benchi palikuwa na alama nne za miguu ya chuma. Wembe akatafuta pa kukaa. Ukingo wa mtaro ulikuwa na maji machafu, na suruali ya Muhuri ilikuwa imepigwa pasi. Ukutani ukasikika muziki wa mwanzo, uleule, na Dakika akaanza kutikisa kichwa pamoja nao, kisha akaacha.

Akapapasa mfuko wa shati.

— Kwani kiingilio ni kiasi gani? aliuliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.