Rubani wa Iftin

Juu ya lori la kwenda Dagahaley, Ubah alijifanya amelala ili asikie vizuri. Hamse, karani wa kompyuta kutoka mtaa wa Iftin, alikuwa akimfundisha mzee mchunga ngamia asiyemjua.

"Adeer, mzee wangu, ndege ya 737-200 ni fupi, 737-400 ni ndefu. Juzi nilichanganya namba kwenye diski, nikairusha hii kwa mitambo ya ile. Ikaanguka!"

Mzee akashika ndevu. "Watu ngapi wamekufa?"

"Hakuna. Ni mchezo wa kompyuta."

"Basi hakuna ndege. Ngamia yangu iko na jina ikinyonya, jina ingine ikizaa. Mimi nikichanganya, watoto wanalala njaa. Wewe ukichanganya?"

Hamse alifungua mdomo, lakini lori likazama mchangani. Dereva akaita wanaume wote washuke wasukume.

"Rubani atangulie," mzee akasema, wala hakuinuka.